Fundi Frednand na Likizo Zake Mbili

Frednand Niyibizi ni fundi cherehani wa hapa Bisibo, wilayani Biharamulo, mtu wa miaka arobaini na saba, mwenye sauti ya besi inayotoka tumboni kama ng'ombe aliyefungiwa zizini. Kwao ni Nyamiaga, kule Ngara. Alikuja huku akiwa kijana, na cherehani ya kuazima, akamwoa Kwandu, binti wa Kisukuma, wakazaa watoto sita. Ni mtu mwema. Akikuahidi suruali Jumamosi, utaipata Jumamosi, ingawa hatakuambia Jumamosi ipi.

Kwa miaka tisa mtu huyu aliheshimiwa na pande mbili kwa sababu ya kutokuwepo kwake.

Upande wa kwanza ni ukoo. Ana mdogo wake anayeitwa Ineza, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke asiyeweza kuona watu watatu wamekaa pamoja bila kuwachagulia katibu. Huyu ndiye aliyeanzisha Siku ya Ukoo. Kila mwisho wa Juni, shule zikiwa zimefungwa, uzao wote wa Mzee Niyibizi hukusanyika Nyamiaga wakiwa na fulana za rangi moja. Kuna ratiba, kuna utambulisho, kuna mgeni rasmi, kuna mada. Mwaka wa kwanza mada ilikuwa "Ukoo na Maendeleo", na iliwasilishwa kwa saa mbili na nusu kabla ya chakula. Frednand, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza, alibeba viti, akapasua kuni, akasuluhisha ugomvi wa mashangazi wawili juu ya sufuria, akatoa neno la shukrani, na alipokaa ili ale akakuta masufuria yanasuguliwa.

Upande wa pili ni kwaya ya kigango chetu, ambayo husafiri wiki hiyohiyo, barabara zikiwa zimekauka na mavuno yakiwa ndani. Mwenyekiti wa kwaya ni Gidioni, mtu wa itifaki. Kwaya ya Gidioni haipandi gari bila sala ya kupanda, neno la kupanda, na shukrani kwa waliokwisha kupanda. Kwa kuwa Frednand ana mabega mapana, ngoma kubwa ilikuwa mzigo wake. Aliibeba kwenda na kurudi, akakatazwa hata kuiacha garini wakati wa chakula.

Basi mwaka wa pili Ineza alipompigia simu, Frednand alimjibu, "Wiki hiyo niko ziarani na kwaya, Ineza. Kazi ya Bwana."

Ineza akafuta jina lake kwenye ratiba. Nani abishane na kazi ya Bwana?

Jioni ileile, mazoezini, akamwendea Gidioni. "Mwenyekiti, wiki ya ziara ukoo unanihitaji. Wazazi wangu ni wazee."

Gidioni akainamisha kichwa. Nani abishane na wazazi?

Kwandu naye wiki hiyo huwapeleka watoto kwa bibi yao Maswa. Nyumba ikabaki na Frednand peke yake kwa siku saba. Alifunga mlango wa mbele, akatandika godoro kibarazani nyuma ya nyumba, akachemsha viazi vitamu sufuria nzima, akazima simu na kulala. Akiamka, anakula kiazi. Akishiba, anasikiliza redio kwa sauti ndogo. Akichoka kusikiliza, analala tena. Alituambia baadaye kwamba siku ya tatu alilia kidogo, kwa raha tu.

Uongo ukinoga, haukosi kunyunyiziwa chumvi. Kila Juni aliwasha simu mara moja kwa siku na kutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Tumefika Kigoma salama, mtuombee." Mwaka mwingine ni Tabora, mwingine Mwanza. Aliweka na picha ya wanakwaya wamesimama mbele ya Fuso, picha aliyopigwa nao kabla hajaanza kutoroka. Shangazi mmoja aliwahi kuuliza mbona gari ni lilelile kila mwaka. Frednand akajibu, "Ni neema, shangazi," na watu kumi na wanne wakaandika "Amina".

Mwaka huu Mzee Niyibizi na mkewe, Mama Restuta, walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Ineza, aliyekuwa akisikia sifa za kwaya hii kwa miaka tisa, hakumshirikisha kaka yake. Aliandika barua ya mwaliko moja kwa moja kwa uongozi wa kwaya, yenye kumbukumbu namba na nakala kwa watu watano. Gidioni aliposoma jina la Niyibizi alifurahi sana. Akaona waende kimyakimya, wamshtukize Frednand hukohuko kwao. Siku tatu kabla ya safari Frednand akawakabidhi sare mpya za kitenge alizowashonea, akawatakia safari njema, naye akaaga kwamba anatangulia Nyamiaga. Kwandu akaondoka na watoto. Frednand akatandika godoro lake.

Ijumaa asubuhi Fuso lilikuwa limeshapakia watu wote na neno la kupanda limeshatolewa, ndipo mtu akauliza ngoma iko wapi. Ilikuwa kwa Frednand, aliyepewa aishonee kifuniko. Gidioni akaagiza gari lipitie pale, wavunje kufuli la banda la cherehani kwa idhini ya uongozi. Alipozunguka nyuma ya nyumba kutafuta kitu cha kuvunjia, akakuta mwenye kufuli amelala chali, kaptula tu, kiazi mkononi.

Walitazamana.

"Frednand? Si uko Nyamiaga?"

"Nilikosa basi, mwenyekiti."

"Tangu Jumanne?"

"Nilikosa yote."

Mtu mwingine angeshtuka. Gidioni alipiga magoti palepale. "Bwana asifiwe! Kumbe ndiyo maana ngoma ilisahauliwa! Vaa sare, ndugu yangu, tunakwenda kwenu. Jubilei ya wazazi wako tunaiimba sisi!"

Frednand akavaa. Fuso likashika njia ya Lusahunga. Wenzake waliimba, vumbi likawaimbia na lenyewe, yeye amekumbatia ngoma. Alitafuta mahali pa kuanzia asipaone. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa kila alichowahi kusema kilikuwa kweli: alikuwa ziarani na kwaya, na alikuwa anakwenda kwenye ukoo. Hakuwahi kujisikia vibaya namna ile. Jumamosi waliimba misa Rulenge, na paroko mwenyeji akaisifu besi iliyojaa majonzi.

Jumapili saa nne waliingia uwanjani kwa Mzee Niyibizi. Maturubai yamefungwa, fulana za kijani kibichi zimejaa, na wa kwanza kumwona Frednand alikuwa Kwandu, mkewe, aliyekuwa anamenya ndizi na wanawake wa pale.

"Maswa ni hapa?" Frednand aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ineza alinialika. Tulitaka kukushtukiza. Na Kigoma je, mmeondoka lini?"

Kabla hajajibu Mama Restuta akafika, mdogo, amejitanda kitenge kipya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Hatimaye kwaya imekuruhusu!"

Gidioni alikuwa hatua mbili nyuma, anakuja kusalimu. Frednand akaipiga ngoma. Akaipiga kwa nguvu zote, mpaka mama akaziba masikio na Gidioni akapoteza alichotaka kusema. Tangu hapo ikawa hivyo. Mwanakwaya yeyote akikaribiana na mwana ukoo, ngoma inalia. Ineza akipeleka maji kwa waimbaji, ngoma. Shangazi akimuuliza Gidioni habari za Tabora, ngoma. Watu wakasema hawajaona mtu mwenye furaha na ndoa ya wazazi wake kiasi kile.

Mgeni rasmi alisubiriwa hadi saa nane mchana. Akaja mwakilishi wa aliyetumwa kumwakilisha, akasoma hotuba ya kurasa tano kuhusu upandaji miti, akapigiwa makofi, akala kabla ya maharusi, akaondoka. Ndipo kwaya ikaitwa.

Gidioni hakuwa amepata muda wa kufundisha wimbo mpya wa jubilei. Alichukua wimbo wetu wa mazishi, ule mzuri, akabadilisha "twawaaga" kuwa "twawapenda", wakaufanyia mazoezi mara mbili. Frednand hakuwapo mazoezini. Basi wengine walipoimba "twawapenda, wazazi wetu", besi ilisikika juu ya wote, nzito na ya uhakika: "Twawaaga, twawaaga." Mzee Niyibizi alimwinamia aliyekaa naye akauliza ni nani aliyefariki.

Baada ya wimbo mshereheshaji alimpa Mama Restuta kipaza sauti. Ngoma ilikuwa imeshachukuliwa ikaegeshwe. Frednand alisimama mikono mitupu.

"Wanakwaya," mama alisema, "mimi sina maneno mengi. Miaka tisa kila kiangazi mmetembea na mtoto wangu. Kigoma mmemfikisha, Tabora mmemfikisha, na kila mara mmemrudisha mzima. Nilikuwa namuombea yeye na ninyi. Leo nawapa mbuzi."

Vigelegele. Mbuzi akaletwa. Wanakwaya wakatazamana.

Sasa ilikuwa zamu ya Gidioni kusoma risala. Kila neno la mama alilisikia. Uso wake ulionyesha. Lakini risala ilikuwa imechapwa, imesainiwa, na ina mhuri wa kwaya, na Gidioni hajawahi katika maisha yake kuongeza wala kupunguza kitu kwenye karatasi yenye mhuri. Akasafisha koo, akasoma:

"Aya ya tatu. Kwa muda wa miaka tisa kwaya yetu imekwenda ziarani bila besi yake kuu, kwa kuwa kila mwezi wa Juni tumemtoa ndugu Frednand aje awahudumie ninyi wazazi wake na ukoo huu. Tulifanya hivyo kwa moyo mweupe. Aya ya nne, changamoto."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa risala hupigiwa makofi. Yakapungua taratibu, upande mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyoendelea kuelewa. Mwishoni alibaki mjomba mmoja mzito wa masikio anapiga peke yake.

Mzee Niyibizi hakuinuka kitini. "Frednand. Kwetu hukuwapo. Kwao hukuwapo. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Unafanya nini?"

"Nalala."

Kicheko kilianza kwa watoto wake mwenyewe, kikaenda hadi jikoni. Ineza hakucheka. "Miaka tisa, kaka? Umelala miaka tisa?"

"Wiki moja moja," Frednand alisema. Halafu, kwa kuwa hapakuwa tena na pa kujificha, akasema yote. Kwamba mwaka mzima anashona vya watu. Kwamba akija kwao ni viti, kuni na ugomvi wa sufuria. Akienda na kwaya ni ngoma. Kwamba alitaka siku chache tu ambazo hakuna mtu atakayemwambia, "Tusimame." "Sikuwachukia," alisema. "Nilichoka. Sikujua mtu anaombaje ruhusa ya kuchoka."

Kwandu akasema kutoka kwenye ndizi zake, "Mimi nilijua tangu mwaka wa pili. Mnadhani wiki nzima ile nyanya zangu zilijimwagilia zenyewe?"

"Na ukanyamaza!" Ineza alifoka.

"Wifi, nami nilikuwa Maswa, napikiwa na mama."

Gidioni akaomba mwongozo kama mbuzi anabaki au anarudishwa. Mzee akasema mbuzi amekwisha kutolewa, na chakula kinapoa, wale.

Frednand hakula. Alienda nyuma ya jiko, akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, anachambua mchicha ambao hakuna aliyemtuma kuuchambua.

"Umekasirika, mama?"

"Hapana." Akachambua majani mawili matatu. "Kila Juni nilikuwa nafuga jogoo mmoja. Najiambia, pengine kwaya itamaliza mapema, Frednand atapitia. Huyo hachinjwi mpaka Krismasi. Baba yako alikuwa ananicheka."

Frednand alichuchumaa. Aibu aliyoiona uwanjani ilikuwa ya watu, na ya watu hupita. Hii haikupita. Akachukua fungu la mchicha akaanza kuchambua naye. Alichambua vibaya, akiacha mashina. Mama akayatoa mashina bila kumwambia kitu.

Jumatatu asubuhi, kabla Fuso halijaondoka, ukoo na kwaya walifanya kikao cha pamoja. Ineza aliongoza, Gidioni akaandika muhtasari. Mtu angetegemea adhabu, faini au kufungiwa kuimba. Lakini watu wetu wanajua adhabu iliyo kali zaidi. Walimchagua Frednand, kwa kura zote, kuwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ya Siku ya Ukoo ya mwakani, itakayofanyika Bisibo nyumbani kwake, ikiunganishwa na ziara ya kwaya. Frednand aliomba kujiuzulu. Ineza akamweleza kwamba kwa mujibu wa katiba ya ukoo anayejiuzulu huteua mrithi, na mrithi lazima awe mtoto wa kwanza.

Alirudi nyumbani na siku mbili za likizo zimebaki, lakini hazikumfaa, maana Gidioni alikuwa anafika kila asubuhi kujadili rangi ya fulana. Wiki iliyofuata nilimpelekea suruali yangu ipunguzwe kiuno. Nikakuta Mama Restuta amekaa bandani karibu na cherehani. Frednand alikuwa amepanda basi hadi Nyamiaga kumchukua. Mama alikuwa anakula nyama ya jogoo na kuwasimulia wateja tabia za fundi wao alipokuwa mdogo, na fundi alikuwa anacheka huku amejichoma sindano kidoleni. Nikamuuliza suruali itakuwa tayari lini.

"Jumamosi," alisema.

"Jumamosi hii?" Mama Restuta alimuuliza, akamkazia macho.

Frednand akaishika suruali, akaigeuza, akavuta pumzi.

"Hii," akasema.