Mbuzi Mweupe wa Akika na Makala Yangu

Siku hizi nikipita soko la Kasongo natazama vidole vya miguu yangu, maana mama wauza samaki wamenipa jina, Dokta Makala (makala kwetu ni mkaa wa kupikia), na wakiniita wanalivuta kabisa, "Dokta Makalaaa!", mpaka wanunuzi wanageuka kunitazama. Basi afadhali niandike mwenyewe lilivyokuja, kabla Mama Mudogo Fatu hajaongeza uongo mwingine (ameshawaambia watu mbuzi alipanda juu ya nyumba. Hakupanda).

Kwanza mnijue. Mimi Sauda ni mtu wa haya, haya za kweli. Darasani nikijua jibu namnong'oneza jirani yangu ajibu yeye, asifiwe yeye, na mimi nafurahi hapo pembeni. Dukani nasimama tu mpaka muuzaji mwenyewe anihurumie. Nilichagua kusoma mambo ya kutibu mifugo kwa sababu niliona ng'ombe hawana maneno mengi.

Sasa mwalimu wetu alikuwa ametufundisha mambo ya sumu, na somo lile nililipenda sana. Alisema kitu chochote kinaweza kuwa sumu, hata chumvi ya jikoni, kipimo ndicho kinachoamua. Akaja kwenye muhogo mchungu, ule ambao sisi hatuli mpaka uloweke kwanza: mbuzi akishiba majani yake mabichi anaweza kutoa mapovu mdomoni, kuyumba, ufizi kuwa mwekundu wa kung'aa, na akichelewa kusaidiwa anakufa. Halafu akagonga ubao kwa chaki. "Lakini mbele ya dawa, swali! Amekula nini, kiasi gani, tangu saa ngapi? Mutu asiyeuliza anatibu kivuli." Nikaandika yote. Ile ya swali nikaiandika kwa herufi ndogo (nilijua haitanifaa).

Ikaja siku ya akika ya mtoto wa yaya Zawadi, dada yangu mkubwa, mzaliwa wake wa kwanza. Mbuzi aliletwa na Bibi Mwamini, mama mkwe wake, kutoka Nyangwe, juu ya motari, pikipiki ya kukodi, miguu imefungwa, amelazwa nyuma kama gunia. Mbuzi mweupe pe, hana doa. Bibi Mwamini ni mama mrefu, sauti yake inavuka Lualaba bila mtumbwi, na tangu afike mimi nilikuwa nimemwambia neno moja tu, "Shikamoo", na hilo nalo lilitokea puani.

Asubuhi nakwenda nyuma ya jiko kuchota maji, namkuta mbuzi amesimama anatafuna tawi la muhogo, na mapovu yanamtoka mdomoni meupe, mengi, yanadondoka. Moyo wangu paa! Namsogelea, namfunua mdomo: ufizi mwekundu kama pilipili. Anapiga hatua, anayumba. Dalili zote, moja baada ya nyingine, kama vile amesoma daftari langu!

Na Bibi Mwamini alikuwa pale pale, ameketi kwenye kigoda, anafuta mikono kwa pindo la kikwembe chake cha kitenge. Kumuuliza "Bibi, mbuzi amekula nini?" kungechukua muda wa kumeza mate. Nikafungua mdomo. Akanitazama. Nikafunga mdomo, nikapita na ndoo yangu tupu. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia, kwenye ndoo tupu.

Nikamtafuta Mama Mudogo Fatu, mdogo wa mama, nikamnong'oneza sikioni, "Mbuzi amekula sumu." Kosa la pili. Mama Mudogo Fatu hajui kunong'ona wala kunong'onezwa.

"Sumu?! Ee jamani, mbuzi iko na sumu!"

Wanawake wa vikwembe vya sare wakaacha kupepeta mchele. Shehe ndiyo kwanza anaingia mlangoni, kanzu yake nyeupe imenyooka kama karatasi.

"Nani amesema?" baba akauliza.

"Dokta wetu huyu!" na Mama Mudogo akanisukuma mbele kwa mikono miwili.

Mnajua lakini kwetu neno sumu si neno la daftari. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mwenyewe, mbele ya macho yako, ndiyo unywe. Kwa hiyo kusema mbuzi ana sumu si kusema habari za mbuzi, ni kusema habari za aliyemleta. Mimi nilikuwa nafikiria majani ya muhogo. Watu wote walikuwa wanamfikiria Bibi Mwamini.

Akainuka kwenye kigoda polepole.

"Miye? Miye Mwamini nibebe sumu toka Nyangwe, nije kumulisha mujukuu wangu?"

"Hapana, Bibi, mutoto hajasema vile," baba akaanza.

"Amesema! Masikio yangu iko mazima!" Na akaingia ndani kufunga mzigo wake, huku shemeji anamfuata, "Mama, mama, tulia," na dereva wa motari wa watu anatafuta viatu vyake. Yaya Zawadi akatokea mlangoni na mtoto mikononi, machozi yamemjaa, akaniambia taratibu tu, na ile taratibu iliniuma kuliko kelele: "Sauda, bibi yake akiondoka leo, mutoto wangu atapewa jina na ugomvi ndani yake."

Nikaona njia ni moja tu. Nikimponya mbuzi mbele ya watu wote, maneno yatakwisha, Bibi atafungua mzigo. Mwalimu alisema mkaa wa dawa hushika aina nyingi za sumu tumboni. (Alisema mkaa wa dawa. Mimi nilisikia makala.) Nikakimbia jikoni, nikachota makala yaliyozimika, nikayaponda kwenye kinu cha sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo (mama hajanisamehe), nikayakoroga na maji kwenye chupa, nikarudi nimeshika chupa nyeusi juu kama kombe la mpira. Sijawahi kuwa jasiri hivyo maisha yangu.

"Baba, shika pembe!"

Baba akashika. Nikamimina. Mbuzi akanitazama kwa jicho moja, akavuta pumzi, akapiga chafya.

Jamani. Sikujua mbuzi ana nafasi ya kuhifadhi maji mengi vile. Kanzu ya Shehe ikawa na madoa kuanzia kola mpaka magotini, ndevu zake za mvi zikarudi ujana. Baba akaachia pembe ajifute macho, mbuzi akaponyoka, akajikung'uta katikati ya vikwembe vya sare, wanawake wakaruka huku na huku, "Uwiii! Kikwembe yangu!", na mbuzi mweupe wa akika, asiye na doa, akasimama mbele ya mlango, mweusi hadi kifuani, mapovu yakimtoka sasa ya rangi ya kijivu, akimtazama Bibi Mwamini aliyekuwa anatoka na mzigo wake.

Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Shehe aligusa povu lililomrukia mkononi, akalisugua kwa vidole viwili, akanusa. Akanusa tena.

"Hii sumu," akasema, "inanukia sabuni."

"Si ndiyo sabuni!" Bibi Mwamini akafoka, ameshaifikia motari, mguu mmoja uko juu yake. "Nilimuogesha miye mwenyewe alfajiri! Mbuzi ya akika ya mujukuu wangu, amejaa vumbi ya njia nzima, mudomo yote kijani ya majani, apelekwe mbele ya watu vile? Nilimusugua mpaka meno!"

"Na ufizi?" nikasikia sauti inauliza, na kumbe ilikuwa yangu.

"Na ufizi! Kwa muswaki!"

"Na... kuyumba?"

"Weye ukifungwa miguu toka Nyangwe hautayumba? Na ile muhogo ni tamu, nilimupa tawi moja tu!"

Kisha Mama Mudogo Fatu akaanza, kwanza tumboni, halafu mabegani, halafu akakaa chini kabisa kwenye mchele akicheka, na baba akafuata, na Shehe akajitazama kanzu yake akafuata, na mwisho Bibi Mwamini mwenyewe, mguu ungali juu ya motari, akacheka kicheko ambacho nadhani Nyangwe walikisikia. Akashuka. Akanipa kipande cha sabuni. "Haya, dokta. Sasa ni zamu yako."

Nikamuogesha mbuzi, na safari hii mdomoni kwa maji matupu, huku watoto wa mtaa mzima wamesimama wananifundisha. Shehe alivalishwa kanzu ya baba iliyomwishia magotini, akaisoma dua vilevile, mtoto akapata jina lake, Mwamini, jina la bibi yake, bila ugomvi ndani yake.

Wakati wa kula ndipo Bibi alipoamua kulipiza. Akaniita katikati ya uwanja, akaninyooshea kipande cha ini mbele ya watu wote, sinia haijaguswa na mtu.

"Dokta, onja weye kwanza. Tusije tukakufa."

Watu wote wananitazama. Siku nyingine ningekimbilia jikoni. Lakini nikafikiri, haya zangu zote zimeshakwisha asubuhi, zimebaki kwenye kanzu ya Shehe. Nikasema kwa sauti, wakasikia mpaka wa barabarani:

"Bibi, kwanza niulize. Mbuzi huyu amekula nini, kiasi gani, na tangu saa ngapi?"

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Bibi akanitia ini mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, lilikuwa tamu, na kama lilikuwa na harufu ya sabuni kidogo, mimi sisemi.

Makala nimeyaacha kwa kupikia. Na kuuliza, nauliza, hata uso ukiniwaka moto nauliza. Jana sokoni niliulizia bei ya samaki kabla sijahurumiwa na mtu.