Mkwe Wangu Hakukaa Ndani

Walikuwepo watu saba, na mimi wa nane. Majina yao ninayo yote kichwani, ya ukoo na ya ubatizo, lakini sitayaandika, maana wajukuu zao wapo na wengine tunasali nao kanisa moja. Nitawataja kwa udugu tu. Baba mdogo wa marehemu mume wangu, mkubwa wa ukoo, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumbani. Wifi yangu mkubwa alikaa kwenye mkeka, amenyoosha miguu kwa sababu ya magoti. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge Tanga. Balozi wa nyumba kumi. Katekista, ambaye ndiye aliyekuwa anaandika kwenye daftari la shule. Kaka yangu kutoka kwetu Kasulu. Na binti yangu wa kwanza, aliyeolewa Kasanda, huyu alikuwa anaingia na kutoka.

Alikuwa anaingia na kutoka kwa sababu mume wake, yaani mkwe wangu, alikuwa nje. Alikaa nyuma ya kihenge cha mahindi, ametupa mgongo. Kwetu Waha mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, hali naye, wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Siyo chuki, ni heshima. Kwa hiyo kila mkwe wangu alipokuwa na neno, binti yangu alitoka kulichukua akatuletea ndani. Shikeni hilo.

Kikao hicho kilikuwa cha ukoo, baada ya matanga ya mume wangu, kijijini Kitahana, mwaka uliofuata ule tulioshushwa kutoka vilimani tukapangwa kwenye kijiji cha mstari. Nyumba mpya haikuwa na mgogoro. Mgogoro ulikuwa kule juu kwenye mahame yetu, penye migomba na mibuni tuliyoipanda sisi wawili, mimi nikichimba mashimo na mtoto mgongoni. Na kaburi lake liko huko huko. Alisema mwenyewe, nimepangwa mstari nikiwa hai, nikifa mnirudishe kwangu.

Ukoo uliamua hivi: shamba libaki mikononi mwangu mpaka watoto wakue, na mimi ndiye niende Mahakama ya Mwanzo Kibondo kuomba kuwa msimamizi wa mirathi. Mkwe wangu alituma neno kwamba anakubali. Shemeji alinyonya pombe ya ndizi kwa mrija wake mpaka chungu kikalia. Halafu akasema, "Muhtasari nipeni mimi, kesho ninakwenda Kibondo." Ulikuwa karatasi moja tu, iliyochanwa kwenye daftari la katekista. Nikampa. Kosa hilo ni langu, ninalikiri kabla hamjaniuliza.

Zikapita wiki. Siku hizo tulikuwa tunakwenda kisomo cha watu wazima mchana baada ya shamba, na mimi nilikuwa bado kwenye ba be bi. Siku moja nikapita ofisi ya kijiji nikaona karatasi imebandikwa mlangoni, na ndani yake jina la mume wangu. Jina lile nililijua, ndilo la kwanza nililomwomba mwalimu aniandikie. Mengine sikuweza. Nikamwita mwalimu wetu, mama mmoja wa Upare, akanisomea polepole: shemeji ameomba usimamizi wa mirathi, ukoo wote umekubali, mjane pamoja na mkwe wake wakiwemo, na mwenye pingamizi afike mahakamani.

"Wewe ulikubali?" akaniuliza.

"Mwalimu, ningekubali ningekuita?"

Nikaenda moja kwa moja kwa shemeji. Nilimkuta anashona kikapu.

"Shemeji, umepeleka nini kule Kibondo?"

"Nimepeleka yanayofaa. Ile ya katekista ilikuwa na makosa, nikaiandika upya. Ulitaka mali ya kaka yangu iende Kasulu kwa kaka zako?"

"Ni ya watoto wake."

"Na watoto ni wangu. Hata wewe, ukitaka, nyumba yangu ina nafasi. Mlango unauona."

"Mlango nimeuona," nikamwambia. "Ndio ule mkeo aliotokea akaenda kwao."

Akacheka, lakini mkono ukakosea ukili.

Nikaenda Kibondo nikaweka pingamizi, na mashahidi wangu wakaanza kupukutika. Baba mdogo akasema uzee umemwondolea kumbukumbu. Wifi akasema, "Wifi yangu, uongo wake naujua, lakini siendi mbele ya hakimu kumkana niliyemlea." Katekista alikuwa amehamishiwa kigango cha Nyabibuye. Balozi hakutaka kuegemea upande. Kaka yangu na binti yangu walikuwepo, lakini nani angemsikiliza kaka mtu, au binti kwa mama yake? Shemeji alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Mahakama ilitaka mtu wa upande wangu aliyekubali, naye akamwandika mkwe wangu, akijua Kasanda ni mbali na mkwe ni mtu mkimya. Nikamtuma binti yangu kwa mumewe. Jibu likarudi kwa njia ile ile: atakuja.

Siku ya kesi tulijaa kwenye chumba kimoja chenye madirisha ya mbao. Hakimu alikuwa mtu wa pwani, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Pembeni yake wazee washauri wawili, Waha kama sisi. Karani alisoma ule muhtasari wa shemeji, nikasema siyo tuliyosema. Hakimu akamgeukia shemeji.

"Huyu mkwe wa mjane alikuwepo?"

"Alikuwepo, mheshimiwa."

"Alikaa wapi?"

Angesema hakumbuki, ningekuwa nimekwisha. Lakini shemeji alitaka maneno yake yapate nyama.

"Ndani pamoja na sisi. Yeye hapa, mama mkwe wake hapa, bega kwa bega. Hata pombe walinyonya chungu kimoja."

Mzee mshauri mmoja alishika mdomo. Nyuma kwenye mabenchi watu wakaangua kicheko, karani akagonga meza.

"Cha kuchekesha ni nini?" hakimu akauliza. "Mama na mkwewe kunywa pamoja ni kosa?"

"Huko kwenu sijui, mheshimiwa," yule mzee akasema. "Huku mtu akifanya hivyo tunamtafutia dawa."

Shemeji akaona pabaya. "Hizo ni mila za zamani. Sasa ni ujamaa, watu wote tunakaa pamoja."

"Umekaa mkonge miaka mingapi?" mzee wa pili akamuuliza.

"Kumi na mmoja."

"Inaonekana."

Hakimu akasema mkwe aitwe. Karani akaita mlangoni mara tatu. Mara ya tatu sauti ikajibu kutoka chini ya dirisha, "Nipo, mheshimiwa."

"Ingia ndani."

"Siwezi. Mama mkwe yumo."

Hakimu akashusha pumzi, akanitazama. "Basi mama, wewe toka kidogo, shahidi aingie."

Kutoka kulikuwa rahisi, na ndiyo adabu. Lakini nikaona nikitoka, nitaiacha ile karatasi humu ndani na shemeji, na itakuwa imesema kweli, maana hakuna atakayeona kwamba sisi wawili hatukai chumba kimoja.

"Sitoki, mheshimiwa."

"Unakaidi mahakama?"

"Sikaidi. Umesomewa kwamba mimi na yeye tulikaa chumba kimoja, bega kwa bega. Nafasi hii hapa pembeni yangu. Mlete akae. Akikaa, shamba mpe shemeji, na mimi leo hii ninarudi kwetu Kasulu."

Hakimu akamtuma askari. Tukasikia viatu vya askari nje, tukasikia maneno, halafu wakatokea mlangoni. Mimi nilijifunika khanga usoni kama inavyopasa, kwa hiyo haya nilisimuliwa na kaka yangu. Mkwe wangu alikuwa amevuta koti likafunika kichwa chote. Alipofika kizingitini alikaa chini, kwenye vumbi, akatupa mgongo, akasema, "Nifungeni. Jela nitaingia. Humo siingii."

Nikasikia hakimu anaweka kalamu mezani. Akanong'ona na wazee wake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa ile sauti ya chini, "Shahidi aseme akiwa hapo hapo alipo."

Akasema akiwa ametupa mgongo: kwamba siku ile alikuwa nyuma ya kihenge, neno lake alilituma kwa mkewe, na neno lenyewe lilikuwa shamba libaki kwa mama mkwe. Balozi naye, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akakumbuka ghafla kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Nikateuliwa mimi. Kaka yangu na balozi wakawa wadhamini. Karani akanisogezea kidau cha wino nipige dole gumba. Nikamwambia, "Nipe kalamu." Niliandika jina langu herufi moja moja, karani anaguna, watu wanasubiri nyuma yangu. Wasubiri. Mimi nilikuwa nimesubiri zaidi.

Nje shemeji akanifuata. "Shemeji, umeniaibisha mbele ya watu."

"Ulimi wako ndio uliokuaibisha. Ungesema alikaa nje, leo shamba lingekuwa lako."

Mibuni ile ilizeeka, tukaikata ikachipua tena, na wanangu wanaivuna hadi leo, kaburi la baba yao likiwa katikati. Mkwe wangu sikuwahi kumshukuru kwa mdomo wangu. Nilimtuma binti yangu na mtungi wa pombe, na binti akarudi na jibu kwamba imepokelewa.

Basi nimeandika kama ninavyokumbuka. Mkwe hakukaa ndani, kwenye hilo hamtanitoa. Lakini huenda baba mdogo ndiye aliyekaa kwenye mkeka na wifi kwenye kigoda, kwa ajili ya yale magoti yake. Na balozi sina hakika kama alikaa au alisimama mlangoni. Aliyekuwepo na anakumbuka vingine, au aliyesimuliwa na wazazi wake, aje anisahihishe. Nipo nyumbani kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.