Maneno ya Kaburi la Binti Yetu

Binti yetu hakufikisha hata miezi miwili. Tulimzika hapa Gisenyi mvua ikinyesha, na pale kaburini mume wangu, ambaye ni mshairi, alisema maneno manne tu: "Umeondoka na asubuhi yangu." Nikaomba yaandikwe msalabani, chini ya jina la mtoto. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hayo, katika maneno yote ya dunia, yalikuwa ya mtoto wangu peke yake.

Mwaka jana mchapishaji alitaka mashairi yote ya mume wangu yatoke katika kitabu kimoja. Kusahihisha nikapewa mimi, kwa kuwa nilikulia Tanzania, kwenye Kiswahili sanifu. Yeye ni wa Goma. Ndipo nilipovisoma vitabu vyake vya mwanzo, alivyovitoa kabla hatujajuana. Siku zote alikuwa akinizuia, eti vinamtia haya.

Katika cha kwanza nikayakuta. "Umeondoka na asubuhi yangu," anamwambia msichana aliyemwacha akaenda kuolewa Bukavu. Katika cha pili anamwambia mkubwa mmoja wa forodha aliyehamishwa. Katika cha tatu, mbwa.

Nikaendelea na vitabu vya baadaye, hadi ukurasa wa mwisho. Shairi kuhusu binti yetu halikuwemo hata moja.

Jioni akarudi kutoka kwa dada yake Goma, viatu vimejaa tope la mpakani, pale Petite Barrière. Nikamwekea kitabu mbele.

"Haya maneno uliyatoa wapi?"

Akasoma, akatabasamu. "Ah, hii? Iko ya zamani. Inarudi-rudi tu."

"Uliyasema kaburini."

Akakifunga kitabu, akasema, "Bon, sheri. Siku ile sikukuwa na maneno. Mutu akikosa maneno anashika ile iko karibu."

Angeishia hapo, labda ningemsamehe. Lakini akaongeza, "Na iko mustari muzuri. We mwenyewe uliipenda."

Kesho yake nilikwenda makaburini na kopo la rangi nyeupe. Nikayafuta maneno, nikaacha jina. Mpaka leo hajaniuliza, na sidhani kama amefika huko.

Kitabu kilizinduliwa katika hoteli moja kando ya ziwa. Mhadhiri kutoka Kigali alisifu sana mstari ule unaorudi, akasema ndio uzi ulioshona maisha yote ya mshairi. Watu wakapiga makofi. Mume wangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Baadaye mama mmoja mwenye kitenge cheusi alinijia, machozi yakimtoka.

"Mama, mi nilizika bwana yangu juzi-juzi. Ile mustari imesema vile niko nasikia ndani ya roho."

Nilitaka kumwambia habari ya mbwa. Ilinifika kabisa mdomoni. Nikampa leso yangu, nikamwambia pole, nikamtafutia kiti. Upande wa pili wa ukumbi mume wangu alikuwa akitia sahihi vitabu, na watu walikuwa bado wamepanga foleni.