Walisema ana "ule ugonjwa", mpaka nilipomshika shingo: kisa changu nikiwa nesi Kapsokwony

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni nesi mstaafu. Nimezaliwa Bokoli, nimefanya kazi Bungoma, Kitale, na huko juu mlimani Elgon. Nyuzi zenu nimezisoma kimya kimya muda mrefu, na leo nimeamua kuleta wangu.

Majina nimebadilisha kwa sababu wenyewe bado wako hai. Mengine ni vile yalivyokuwa. Mahali sikumbuki, nitasema sikumbuki.

Nianzie shule kidogo ndio mnielewe.

Nilimaliza unesi mapema miaka ya themanini. Wakati huo kazi ya nesi ilijulikana. Sindano, vidonda, kutandika vitanda, kuzalisha. Kumpima mgonjwa mwili mzima ilikuwa kazi ya daktari. Sisi tulisimama kando na trei tukingoja kuambiwa.

Miaka ilivyosonga nikachaguliwa kwenda kozi ya juu ya manesi, Kitale. Huko ndiko nilikutana na Madam Wambui.

Madam alikuwa mama wa makamo, wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kulima. Sauti ya chini, lakini darasa lilikuwa linanyamaza lenyewe akiingia.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutunyang'anya stethoscope zote, zile za kusikilizia kifua, akazifungia kabatini.

"Chombo kikitangulia, macho yanalala," akasema.

Tukaanza kwa kuangalia tu. Mtu anaingia mlangoni, unatazama anavyotembea, anavyopumua, ngozi yake, macho yake. Halafu kushika. Halafu kugonga kwa vidole. Kusikiliza kunakuja mwisho.

Kugonga kifua kulinishinda mwanzoni, mpaka Madam akaniuliza nyumbani tunajuaje mahindi yamebaki kiasi gani kwenye pipa. Nikamwambia si tunagonga, palipo na mahindi panatoa sauti nzito na palipo wazi panalia. Akasema kifua nacho ni hivyo hivyo. Hapo nikaelewa, na sikusahau tena.

(Mimi Mbukusu bana, nikisema "lungs", yaani mapafu, inatoka "rungs". Darasa likacheka. Madam akasema niite vile nataka, mradi nizisikilize.)

Kuna jambo alikuwa analirudia sana. Ati kabla hujamshika mgonjwa, mwombe ruhusa, na mikono yako uipashe joto. Mgonjwa anaujua mkono unaomwogopa.

Basi. Tukamaliza, tukatawanywa. Mimi baada ya kuzunguka hapa na pale nikapelekwa kituo cha afya Kapsokwony. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini.

Wale mliokuwa wakubwa wakati huo mnakumbuka hali ilivyokuwa. Ukimwi umeingia kila kijiji, dawa ya kuutuliza huku kwetu hakuna. Mtu akikonda tu, tayari watu wamemhukumu. Hakuna aliyetamka jina. Walisema "ule ugonjwa", na kila mtu anaelewa.

Sasa asubuhi moja ya baridi, ile baridi ya mlima ya ukungu mpaka mlangoni, akaja mama mmoja kutoka upande wa Cheptais. Nitamwita Chebet. Umri kama wa miaka thelathini hivi. Mume wake, nitamwita Ndiwa, alimleta lakini hakuingia. Alibaki nje chini ya ukingo wa paa, mikono mfukoni.

Kwenye benchi wagonjwa walisogea. Sio kumpa nafasi. Walisogea mbali naye.

Chebet alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea, nguo inamning'inia. Macho makubwa, yametoka, kama mtu aliyeshtuliwa. Shingoni amefunga leso.

Lakini kuna kitu kilinisumbua. Watu wote pale wamevaa sweta na makoti. Yeye amevaa blauzi nyepesi, na juu ya mdomo ana jasho.

Nikamwingiza chumbani, nikafunga mlango, nikamuuliza anaumwa nini.

Hakujibu kuhusu ugonjwa. Alisema amekuja nimwandikie anakufa kwa ugonjwa gani, ili ndugu zake wakija kumchukua wasigombane na watu wa mume wake.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia hiyo ya kuandika tutaifikia, kwanza anieleze.

Akaeleza pole pole. Ameanza kukonda muda sasa. Anaharisha. Moyo unakimbia hata akiwa amelala. Hapati usingizi. Analia ovyo. Mama mkwe amemtengea sahani na kikombe chake. Mtoto wake mdogo, wa kike, ameondolewa kwake, analala kwa bibi yake, na haruhusiwi kumbeba. Anamwona tu akicheza ng'ambo ya boma.

Nikamuuliza kuhusu chakula.

Hapo akaona aibu. Aliangalia chini, akasema yeye anakula sana, kuliko hata mume wake anayelima. Usiku njaa inamwamsha. Mama mkwe amesema analisha ugonjwa. Kwa hivyo siku hizi anajificha nyuma ya jikoni anakula viazi baridi.

Wakuu, mtu anayekula hivyo na bado anakonda, hiyo ni habari. Ule ugonjwa tuliozoea kuona mara nyingi ulimaliza hamu ya chakula. Huyu alikuwa na njaa kama moto.

Nikapasha mikono yangu, nikamuuliza kama naweza kumpima mwili.

Akaniangalia kama hajasikia vizuri.

"Sista, huogopi kunishika?"

Nikamwambia ukweli. "Hata ikiwa ni huo ugonjwa, nitakushika vile vile. Kushikana mkono hakuambukizi."

Nilipomshika mkono alianza kulia, bila sauti. Aliniambia baadaye kwamba tangu mtoto aondolewe hakuna aliyemgusa, hata mume. Nikaacha alie. Sikuondoa mkono.

Kiganja chake kilikuwa moto, na kimelowa. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na alikuwa ameketi. Nikamwambia anyooshe mikono mbele na kutandaza vidole. Nikaweka karatasi juu yake. Karatasi ikatetemeka kama jani.

Nikamwomba afungue leso.

Akasita, halafu akafungua. Mbele ya shingo palikuwa na uvimbe, si mkubwa, laini, umelala pande zote mbili. Goita. Mlimani goita haikuwa ajabu, wamama wengi walikuwa nazo na wakaishi nazo mpaka uzee. Ndio maana hata yeye hakuitaja. Aliifunika kwa sababu watoto walimcheka.

Nikampa maji kwenye kikombe, nikamwambia ameze kidogo huku natazama. Akimeza, uvimbe unapanda na kushuka. Nikasimama nyuma yake, nikaushika kwa vidole vyote. Ulikuwa wa moto. Ndio nikachukua stethoscope nikaiweka juu ya ule uvimbe.

Nikasikia shuu, shuu, shuu. Damu inapita kwa nguvu kama mto umefurika.

Hiyo sauti nilikuwa nimeisikia mara moja tu maishani, Kitale, Madam akiwa amesimama nyuma yangu.

Nitasema ukweli, nilisikiliza tena mara ya pili. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inamchoma mtu kutoka ndani. Anakonda, anatoka jasho, anaharisha, moyo unakimbia, macho yanatoka. Na ina dawa. Lakini je, nikikosea? Nimpe tumaini halafu damu iseme kingine? Na mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Kwa hivyo nilimwambia kidogo tu. Kwamba shingo yake inaweza kuwa ndiyo inayomkondesha. Kwamba sina uhakika, na kuna daktari Kitale nataka amwone. Na kwamba damu itapimwa vitu vyote, hata ule ugonjwa, kama yeye atakubali.

Akafikiri, halafu akasema heri kujua.

Nikatoka nje kumwambia Ndiwa. Yule mwanaume alinisikiliza akitazama viatu vyake. Nikadhani atakataa. Akasema yeye pia halali, kila siku anajichunguza mwili akitafuta dalili, na hajui watoto atawaachia nani. Akaniuliza kama kesho yake kuna mtu wa kuwapokea Kitale.

Nikaomba ruhusa nikaenda nao. Tulipanda pick-up ya vitunguu mpaka Kimilili, kutoka hapo tukashika barabara ya Kitale.

Daktari wa pale alikuwa kijana, mchovu, wodi imejaa. Nilimweleza nilichopata. Hakunidharau. Alimpima mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, akaweka stethoscope pale pale, akasikiliza muda mrefu. Halafu akawaita wanafunzi waje wasikilize. Akamwomba Chebet ruhusa kwanza, jambo lililonifurahisha sana.

Alimpa vidonge vya kutuliza moyo wakati tunangoja. Damu ya kupima tezi ilibidi ipelekwe Nairobi.

Kungoja ndiko kulikuwa kugumu. Wiki zilikwenda. Chebet alikuwa anakuja kituoni kupimwa mapigo, na kila akiingia anatafuta uso wangu kwanza. Majibu bado. Nilimpima tu, nikamshika bega, nikamwambia tungoje.

Majibu yakarudi. Ule ugonjwa hakuwa nao. Ndiwa pia alipimwa, hakuwa nao. Kazi ya tezi ndiyo ilikuwa imepanda vibaya sana.

Ndiwa alikaa chini kwenye nyasi za hospitali akafunika uso na kofia. Chebet yeye aliuliza swali moja tu. "Sasa naweza kumbeba mtoto?"

Daktari akamwambia angeweza tangu mwanzo.

Mngedhani kisa kimeisha. Hapana. Dawa ilianza, lakini nyumbani hawakuamini. Mama mkwe alisema hospitali inaficha, ati wanawaambia watu hivyo wasijiue. Sahani ikabaki kando. Mtoto akabaki ng'ambo.

Tulikuwa na safari ya chanjo upande wa Cheptais, nikapita kwao.

Mama mkwe alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Alikuwa mama mchapakazi, mjane, na nikaona wazi kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili watu wazima kwa huo ugonjwa, mfululizo. Alikuwa analinda kilichobaki. Nikaelewa kwamba kumhubiria hakutasaidia.

Nikamwita Chebet akae karibu nasi. Nikamuuliza kama anakubali, akakubali. Halafu nikamwomba yule mama mkono wake.

"Mama, mimi nisiwe shahidi peke yangu. Njoo uguse mwenyewe."

Akaweka kikombe chini. Nikafikiri atasimama aende zake. Halafu akajifuta mkono kwa leso, akanipa.

Nikauweka shingoni mwa Chebet. Nikamwambia Chebet ameze mate. Yule mama akasikia uvimbe unapanda chini ya vidole vyake, akashtuka, lakini hakuutoa mkono. Nikamsogezea hapo damu inapopita kwa nguvu, akaisikia inavyotetemesha ngozi.

 Vidole vyake vikaendelea kupapasa vyenyewe, taratibu.

"Mama yangu alikuwa na shingo kama hii," akasema. "Alikonda akaisha. Walisema amerogwa."

Kisha akaanza kulia, na Chebet akalia, na mimi mwenye uniform nikageuka kutazama ng'ombe.

Mtoto alivushwa boma jioni hiyo hiyo. Sikuwa hapo kuona, Ndiwa ndiye aliniambia.

Miezi ilivyopita Chebet akanenepa. Sio sana, ila mashavu yalirudi, usingizi ukarudi. Macho hayakurudi kabisa na dawa alimeza muda mrefu, na baadaye alifanyiwa upasuaji wa shingo. Si kila kitu kilikuwa laini. Lakini aliishi, na alilima.

Sasa kuna siku moja nilimwona anaingia kituoni na mwanamke mwingine, mdhaifu kabisa, amemshika kiuno ili asianguke. Kwenye benchi watu wakasogea vile vile kama zamani. Chebet akaketi katikati ya nafasi waliyoacha, akamlaza yule mwanamke begani mwake.

Zamu yao ilipofika akaniambia kwa sauti ya kawaida, na mlango uko wazi:

"Sista, huyu ni jirani yangu. Wake ni ule wenyewe, amepimwa. Lakini kwetu anakula na sisi."

Tulimtibu kifua kilichokuwa kinamsumbua, akapata nguvu, akarudi shambani kwake. Alikaa na watoto wake muda ambao hakuna aliyeutegemea.

Funzo langu wakuu ni hili. Mashine ni nzuri, na siku hizi ziko nyingi kuliko wakati wetu. Lakini mtu aangaliwe kwanza, aulizwe, ashikwe. Majibu ya damu yalituambia Chebet anaumwa nini. Mkono ndio uliomrudisha kwa watu.

Na nyinyi mnaopenda kusema "ngozi na mifupa", msimhukumu mtu kwa kukonda. Hamjui kinachomchoma.

Kama kuna manesi humu, wa zamani au hawa vijana, hebu semeni nanyi mlikutana na nini. Na kama wewe ulikuwa upande wa mgonjwa na kuna aliyekushika wakati wengine wamekimbia, mtaje hapa chini, hata kama ni jina la kwanza tu. Nitasoma zote.