Biashara Niliyoichagua kwa Ajili ya Mama

Enzi za Wajerumani, sisi tuliosomea ualimu pale misheni tulitakiwa kuchagua somo la pili. Wenzangu walikimbilia useremala. Mimi nilichagua biashara, wakanicheka: mtoto wa mfinyanzi anataka kuketi dukani! Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na sababu yangu, nayo ni mama.

Mama alifinyanga vyungu kwetu Ikombe, akavipakia mtumbwini na kupiga kasia kando ya ziwa hadi mdomo wa Mto Mbaka, kuwauzia Wanyakyusa. Mwaka uliotangulia mtumbwi ulipinduka, wavuvi wakamwopoa akiwa hoi. Nilitaka aachane na ziwa kabla halijamchukua. Basi nilisoma biashara kwa bidii, nikambembeleza mwenye duka la karibu na misheni mpaka akakubali kununua vyungu vyote vya mama.

Mama alikuja kwa miguu pamoja na majirani, vyungu vichwani. Furaha ilinijaa. Akavipanga mlangoni, akaketi chini, akangoja. Kwetu bei ya chungu ni nafaka inayokijaza: mnunuzi humimina mahindi au ulezi mpaka juu, kisha anachukua chungu chake nawe unabaki na chakula. Mwenye duka akampa hela za Mjerumani. Mama akazitumbukiza katika chungu kimoja, akachungulia. Hazikufunika hata kitako.

Nilimweleza kwamba hela hununua mahindi.

"Yako wapi?" akauliza.

Dukani mlikuwa na chumvi, sabuni na vitambaa tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwanangu, ndicho ulichochagua kusoma hiki? Nyumbani tutakula nini?"

Alirudisha hela, yeye na majirani wakabeba vyungu. Nilimfuata hadi mchangani nikimsihi asiingie tena majini.

"Wadogo zako hawajala," alisema, akanishika shavu, akaenda.

Wiki ileile alipiga kasia kuelekea Mbaka. Mwera, ule upepo mkali wa kusini, ukavuma, na safari hii hapakuwa na wavuvi karibu.

Baada ya mazishi mwalimu aliniita. Alikuwa mtu mwema. Akaniuliza kama ningependa kuhamia useremala. Nikamjibu lolote sawa tu. Nilikuwa nimechagua kwa ajili ya mtu mmoja, na tulikuwa tumetoka kumzika.