Kilatini cha Mchora Vibao

Mchora vibao wa mtaa wa Kikula hamalizi kazi bila kuongeza chini yake Kilatini chake: PER ASPERA AD ASTRA. Alikisoma utotoni juu ya mlango wa shule ya mapadri kule Panda, na tangu hapo amekiandika kwenye saluni, bucha, hata choo cha baa, bila kuombwa. Huandika ulimi umetoka pembeni, kisha hufuta kidole gumba kwenye suruali yake ileile ya kazi, iliyokakamaa kwa rangi kama bati.

Leo amemwandikia mjane Josée ukutani, kwa Kifaransa, kwamba kiwanja hakiuzwi, maana shemeji yake haachi kuleta wanunuzi. Rangi haijakauka, shemeji akatokea na mnunuzi mwingine. Mnunuzi akasoma Kifaransa, akacheka. Alipofika kwenye Kilatini akavua kofia.

"Hii iko mambo ya tribinali!" akanong'ona kama aliyeingia mahakamani, akaondoka mbio, shemeji nyuma yake.

Josée akamgeukia mchoraji, aliyekuwa akisuuza brashi. "Papa, inasema nini?"

"Kupitia magumu mpaka ku nyota, mama."

"Ya kiwanja haisemi kitu?"

"Wapi! Hata kidogo."

Josée akaelekeza kidole upande wa pili wa ukuta. "Basi weka ingine kwa mulango ya nyuma. Shemeji anapitaka na kule."