Ng'ombe wa Mjane

Kila nikifungua kibuyu cha maziwa ya mgando kilichofukizwa moshi, namkumbuka bibi. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na jirani yetu alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja tu. Asubuhi moja ng'ombe huyo hakuonekana zizini. Mchana nilikwenda kuokota kuni, nikamkuta amefungwa korongoni, baba mdogo anamkatia majani. Hakuniona. Nilikimbia kumwambia bibi, ingawa nilijua baba mdogo ndiye kitinda mimba wake.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, bibi."

Aliniwekea mkono kichwani. Kisha akasonga ugali wa mtama, akamimina maziwa, akamwita mwanawe.

"Kula ushibe. Ukimaliza tunamrudisha ng'ombe wa watu, halafu tunakwenda kwa balozi wa nyumba kumi."

Baba mdogo aliacha tonge, akanitazama. "Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema," bibi akajibu. "Nimekuona mimi, kwa macho yangu."

Baba mdogo alifungwa jela. Bibi alitembea kwa miguu mpaka gerezani Tarime kumpelekea chakula, na kila mara alikikataa. Alipotoka, hakumpa mama yake shikamoo. Mimi aliniletea gauni la maua.

Bibi alinivalisha, akanifunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja, akasema, "Nenda ukamshukuru baba yako mdogo."